Santuri Nyumbani, Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili Kuanzia kwenye Sindano

Anayetaka kuanza na santuri huuliza kwanza habari za mashine: ninunue ipi, ya bei gani, naipata wapi. Mimi ningeanzia kwingine. Huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Tunduma, santuri nyingi utakazozipata hazitatengenezwa tena. Ni za miaka ya sitini na sabini, zimelala juu ya kabati la mzee mstaafu au kwenye stoo ya baa iliyokwisha kufungwa. Kwa hiyo cha kujiuliza mapema ni sindano gani itapita juu yake. Utamu wa sauti utafuata. Sindano iliyochakaa au nzito kupita kiasi inakula mfereji, ule mstari mwembamba uliochongwa kwenye santuri wenye sauti ndani yake, na kilicholiwa hakirudi. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatoka kwenye jambo hilo.

Tazama kwanza ulizonazo

Kabla hujatoa hela, zitandaze mezani usome lebo.

Zile kubwa za inchi 12 ni LP. Huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, na upande mmoja huchukua kama dakika 20. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Mwaka uliofuata zikaja ndogo za inchi 7 zinazozunguka mara 45, na hizi ndizo utakazokutana nazo zaidi, maana bendi zetu za dansi zilitoka zaidi kwenye santuri za 45 kuliko kwenye LP. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA, Western Jazz, Afro 70: nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) au Nairobi, na santuri zenyewe zikatengenezwa Kenya. Wimbo mrefu haukuenea upande mmoja, hivyo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza unapata maneno na kisa chenyewe, halafu sauti inafifia pale pale unapoanza kutikisa kichwa. Santuri yako haijaharibika. Igeuze, magitaa yako upande wa pili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, santuri mpya ziliadimika na kaseti ikashika usukani. Ndiyo maana bendi iliyovuma miaka ya themanini, kama Tancut Almasi ya Iringa, utaikuta kirahisi zaidi kwenye kaseti. Ukiwa Mbeya, Vwawa au Tunduma, angalia pia lebo za Zambia. Ndola kulikuwa na kiwanda cha santuri, na reli ya TAZARA imekuwa ikibeba watu na mizigo kati yetu na wao tangu miaka ya sabini, kwa hiyo usishangae kukuta magitaa mazito ya Kizambia katikati ya rumba.

Aina ya tatu ni zile nzito za 78, zilizotangulia zote. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kazi yake ilitoka kwenye santuri za namna hii. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, na zikidondoka hupasuka kama sahani ya udongo. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu ya ule wa LP, kwa hiyo zinadai sindano yake peke yake. Ukipitisha sindano ya LP kwenye 78 itatambaa chini kabisa ya mfereji ikikusanya uchafu na kelele. Ukipitisha ya 78 kwenye LP utaiharibu LP hiyo siku hiyo hiyo.

Ukishajua unazo zipi, mashine inajichagua. Huna 78? Huhitaji mashine yenye mwendo wa 78. Unazo kumi za babu? Basi zingatia hilo mapema.

Umeme kabla ya mashine

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Watu wanaoletewa mashine na ndugu aliyeko Marekani huiangalia volti, wananunua transfoma ya kushusha hadi 120, wanadhani wamemaliza. Transfoma hushusha volti tu, hezi inabaki 50. Mashine nyingi za zamani zina mota inayofuata hezi za umeme, hivyo ile iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikifika Mbeya huzunguka kwa sehemu tano badala ya sita. Mahali pa 33⅓ unapata karibu 27.8, na Mbaraka anaimba kama ana usingizi. Baadhi zinaweza kubadilishiwa puli ya mota, lakini puli yenyewe kuipata ni shughuli.

Mashine iliyotoka Uingereza au Ulaya haina tatizo hilo. Nyingi za kisasa pia hazina, kwa sababu zinatumia adapta ya nje. Geuza adapta usome: ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, chomeka bila wasiwasi.

Weka na kilinzi cha umeme, kile kile unachofungia friji. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, nyanyua mkono wa mashine na uchomoe plagi. Usiache sindano imekaa kwenye mfereji kungojea urudi.

Kuchagua mashine

Kuna njia tatu za kuzungusha santuri. Mkanda wa mpira unaovuta bamba, yaani sahani inayobeba santuri: rahisi, kimya, na mkanda hubadilishwa ukilegea. Mota iliyo chini ya bamba moja kwa moja: ina nguvu na mwendo wake hautetereki; Technics SL-1200 ya mwaka 1972 ndiyo iliyozipa mashine hizi jina kwenye madisko. Na gurudumu la mpira linalosugua ukingo wa bamba kwa ndani, ambalo utalikuta kwenye redio za zamani zenye gramafoni ndani yake, mara nyingi zikiwa na mashine ya Garrard au BSR.

Zile za mkoba, zenye spika ndani na rangi za kuvutia, ziache. Nasema hivyo nikijua ndizo rahisi kuzipata. Nyingi zina katriji (kile kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme) ya seramiki inayokandamiza kwa gramu tano hivi, wakati katriji nzuri ya kawaida inahitaji karibu mbili. Halafu spika ziko kwenye sanduku lile lile, kwa hiyo besi ikipiga sindano inatikisika. Kama ni santuri mpya za kuchezea, shauri yako. Kwa santuri ya mzee, hapana.

Kwa anayeanza na santuri za 33 na 45 pekee, Audio-Technica AT-LP60X inatosha. Inajiendesha, unabonyeza kitufe na mkono unashuka wenyewe, na uzito wa sindano umewekwa kiwandani. Hasara yake ni kwamba huwezi kurekebisha chochote. Mwenye uwezo zaidi achukue AT-LP120X: ina miendo yote mitatu na mkono unaorekebishika, na katriji yake ni ya aina ya VM95. Hiyo inakubali kubadilishiwa sindano peke yake. Unavuta ya LP, unachomeka ya 78 iitwayo VM95SP, unaongeza uzito hadi karibu gramu 5, umemaliza. Ukirudi kwenye LP, rudisha sindano na uzito pamoja. Kusahau uzito ni rahisi mno, kwa hiyo bandika karatasi ya kukukumbusha.

Mtumba mzuri unaweza kushinda mpya ya bei ndogo, mradi uukague ukiwa umewashwa. Zungusha bamba kwa mkono usikilize kama linakwaruza. Sogeza mkono kushoto na kulia: uteleze bila kugoma popote. Shika mkono kwa vidole viwili uutikise taratibu. Ukigonga-gonga, beringi zimelegea, achana nayo. Gurudumu la mpira lililokauka hutoa mlio wa tak-tak, na fundi redio mzoefu anaweza kulisafisha, ila mkanda uliokatika usikubali akuwekee mpira wa kufungia noti. Mwendo utayumba na utalaumu santuri.

Sindano ya mtumba ihesabu kuwa imekwisha hata muuzaji akiapa. Bei ya sindano mpya iingize kwenye bei ya mashine tangu unapopatana.

Kuunganisha na sabufa uliyonayo

Huna haja ya kununua amplifaya ya kifahari. Sabufa iliyoko sebuleni itafaa kuanzia, ila kuna kitu kimoja katikati ambacho wengi hukiruka.

Santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iitwayo RIAA iliyokubaliwa miaka ya hamsini. Bila hivyo besi ingepanua mfereji na LP isingebeba dakika 20. Wakati wa kucheza lazima kitu kirudishe mizani hiyo, na pia kikuze umeme mdogo sana unaotoka kwenye katriji, milivolti chache tu. Kitu hicho ni priampu ya santuri. Ukichomeka katriji moja kwa moja kwenye AUX ya sabufa utasikia sauti ya mbali, nyembamba, isiyo na besi, na utafikiri mashine ni mbovu.

AT-LP60X na LP120X zina priampu ndani yake. Nyuma kuna swichi: weka LINE, kisha peleka waya za AV, nyekundu na nyeupe, kwenye AUX ya sabufa. Mashine isiyo na swichi hiyo inataka kisanduku cha priampu cha nje. Amplifaya za zamani zenye tundu la PHONO zina priampu yao, na hapo swichi ya mashine ikae PHONO. Usiwashe zote mbili. Sauti itakwaruza masikio.

Mashine nyingi zina waya mwembamba wa tatu wenye ncha ya uma. Huo ni wa ethi. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, ufunge kwenye skrubu ya priampu au amplifaya. Ukiendelea, sogeza adapta na simu mbali na katriji.

Kuifunga mashine, hatua kwa hatua

1. Tafuta meza nzito isiyoyumba. Nyumba nyingi zina sakafu ya saruji, na hiyo ni bahati: hatua za miguu haziruki hadi kwenye sindano. Sabufa isikae meza moja na mashine. Iweke chini, hatua moja au mbili pembeni.

2. Sawazisha kwa pima maji ya fundi ujenzi, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia. Ile ya kwenye simu nayo inafaa. Panapoinama, rekebisha miguu ya mashine au weka kipande cha boksi gumu.

3. Weka bamba, vuta mkanda uingie kwenye puli ya mota bila kujikunja, laza kitambaa chake juu.

4. Kama mkono unarekebishika, toa kifuniko cha sindano, weka kidhibiti cha mvuto wa pembeni sifuri, kisha zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala kushuka. Bila kugusa uzito, rudisha pete ya namba hadi sifuri. Sasa zungusha vyote pamoja hadi namba inayotakiwa: katriji ya VM95E ni gramu 2, ya Ortofon 2M Red ni 1.8. Kisha kidhibiti cha pembeni kipe namba hiyo hiyo.

5. Hakiki uzito kwa mizani. Pete ya namba inaweza kukosea. Mizani ndogo ya dijitali, kama wanazopimia dhahabu Chunya, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, inatosha kabisa. Shusha sindano juu yake polepole, mkono ukiwa karibu na kimo ambacho ungekuwa nacho juu ya santuri. Kama kisahani cha mizani ni cha chuma kinachonaswa na sumaku, weka juu yake kitu cha plastiki, kwa sababu katriji ina sumaku ndani na itakudanganya.

6. Pima mwendo. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri usiyoijali, washa, hesabu. Kwenye 33⅓, mizunguko 20 ichukue sekunde 36. Kwenye 45, mizunguko 30 ichukue sekunde 40. Vile vitone vilivyoko ukingoni mwa bamba navyo hupima, lakini chagua mstari wa hezi 50, na kama mashine haina taa yake, ujue balbu nyingi za LED hazimuliki kwa namna inayofaa kwa kazi hiyo.

Santuri ya kwanza kuicheza iwe ile ambayo ikiharibika hutalia. Tumia wenzo wa kushushia mkono badala ya kidole. Herufi za s zikitoka na mchakacho, angalia uchafu kwenye sindano kwanza, kisha uzito. Wengi hukimbilia kupunguza uzito wakidhani wanaiokoa santuri, kumbe sindano iliyo nyepesi mno inarukaruka na kugonga kuta za mfereji. Kaa ndani ya namba za mtengenezaji.

Kuzitafuta

Dukani hutazikuta. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya, na kwenye vibanda vya mafundi redio huenda ukaambulia, lakini santuri nyingi ziko majumbani, kwa walimu wastaafu, kwa watu wa reli, kwa waliowahi kuendesha baa. Huko huendi na bei mdomoni. Unaingia na shikamoo, au kamwene ukiwa Iringa na Njombe, unakaa, unauliza mzee alikuwa anapenda bendi gani. Pengine atakuuzia. Pengine atakuambia ulete mashine muzisikilize pamoja, na ukikubali hilo utajua ni za nani, alizinunua wapi, na zipi ambazo hauzi ng'o. Mwenye nafasi ya kufika Nairobi apite Soko la Kenyatta. Pana muuzaji wa santuri anayejulikana. Ukiagiza mtandaoni, hesabu na nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla hujafurahia bei.

Ukaguzi ufanye kwenye jua au kwa tochi ya simu iliyolazwa upande. Mikwaruzo inayoonekana lakini ukucha hauihisi kwa kawaida huleta vijikelele tu. Ule ambao ukucha unakwama utarusha sindano. Mifereji iliyopauka na kuwa ya kijivu ilipitiwa na sindano mbovu miaka mingi, na kuosha hakutaisaidia. Tazama pia tundu la katikati: michirizi mingi kwenye lebo maana yake ilipigwa sana. Santuri za 45 zipo za tundu dogo na za tundu kubwa la karibu sentimita 3.8. Kwa hizo kubwa unahitaji kijazio cha plastiki, na kikipotea fundi wa kuchonga atakutengenezea, mradi tundu lake dogo liwe katikati hasa.

Iliyopinda kidogo inacheza. Iliyopinda sana iache. Kuipiga pasi ni kuiua.

Kuosha

Santuri iliyokaa miaka arobaini juu ya kabati usiipige kabla ya kuiosha. Vumbi letu la kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza ni mchanga laini, na sindano ikiusukuma ndani ya mfereji inasaga.

Maji ya bomba huacha chumvichumvi. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri ya gari, lakini soma lebo ya chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Ukimwagia asidi, mkono wako utapata shida kabla ya santuri. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye lita moja linatosha. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kwa kufuata mifereji kwa mzunguko, usikate kwenda katikati, na lebo isilowe. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, simamisha kwenye kichanja cha vyombo, subiri ikauke kabisa.

Santuri za 78 zisiguswe na spiriti. Inayeyusha utomvu wake. Kitambaa chenye unyevu na kukausha haraka vinatosha.

Sindano nayo isafishwe kwa brashi ndogo laini, kutoka nyuma kuja mbele tu. Ukiisugua upande au kurudi nyuma, unaikunja.

Baridi, unyevu na mahali pa kuweka

Zisimamishe wima zikiwa zimeegemeana bila kubanwa. Zikilazwa zikapangwa juu ya nyingine, za chini hupinda. LP mia moja na makava yake ni kilo ishirini na zaidi, kwa hiyo rafu iwe imara.

Mbeya na Njombe, usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi kama hizo, grisi ya mashine ya zamani huwa nzito na mpira unaoshikilia sindano ndani ya katriji hukakamaa. Iache izunguke dakika chache bila sindano kwanza. Jiko la mkaa lisikae chumba kimoja na mashine. Masizi yake hunata, na kwa afya yako pia halifai kwenye chumba kilichofungwa. Tukuyu na Rungwe adui ni ukungu: toa makava ya karatasi yaliyoanza kunuka, weka ya plastiki laini, na rafu isigusane na ukuta wa nje.

Ukisafirisha kwa basi, beba mwenyewe miguuni zikiwa wima. Buti lenye joto la injini, au gari lililoachwa juani Makambako wakati mnakula, linatosha kuzikunja zote.

Kuhusu umri wa sindano, kadiria saa 500 kwa ya ncha ya mviringo na 300 kwa ya ncha ya yai. Andika tarehe uliyoifunga, kadiria saa unazosikiliza kwa wiki, na agiza nyingine kabla ya muda kufika, kwa sababu ikiisha ghafla utasubiri mzigo ufike, na katika kusubiri huko ndipo mtu anapojiambia ataipiga moja tu na ile ya zamani.